Saa Mkononi, Macho Miguuni: Namna ya Kuwapima Mabondia wa Uzito wa Juu wa Zamani na wa Sasa

Ndugu makocha, ndugu waamuzi, mabondia wetu na nyote mliovutwa hapa na mapenzi ya ngumi, asanteni kwa kufika.

Leo naomba tuanze na saa, majina yasubiri. Kila mwenye simu afungue ile saa ya kupimia muda. Chukueni filamu ya pambano lolote la kabla ya 1925 hivi. Hazina sauti, kwa hiyo kengele hamtaisikia: bonyezeni pale mabondia wanapoinuka vitini, mkomeshe pale wanapogeuka kurudi kona. Raundi ni dakika 3. Saa ikisoma dakika 2, mnachokitazama kinakwenda mara moja na nusu ya kasi yake halisi.

Sababu yake ni ya kimashine tu. Kamera nyingi za enzi hizo zilizungushwa kwa mkono, zikipiga picha kama 16 kwa sekunde. Mashine za baadaye zikaja kuonyesha picha 24 kwa sekunde, filamu ile ile ikakimbizwa. Ndiyo maana Jack Johnson, bingwa wa uzito wa juu wa miaka ile, anaonekana akirukaruka kama kuku aliyekanyaga kaa la moto. Mtazamaji anacheka, na akishacheka ameshatoa hukumu. Punguzeni kasi hadi theluthi mbili, halafu mtazameni tena. Utakuta mtu mzito, mtulivu, anayetembea badala ya kuruka, na hatua zake zina mpango.

Saa nayo inaweza kudanganywa, kwa sababu filamu nyingi zilikatwa vipande na raundi nzima haipo. Hapo tafuteni maji. Kona zote zilikuwa na ndoo, na mtu wa kona humwagia bondia wake maji kichwani. Maji hayajui mwaka. Mwaka 1910 yalianguka kwa kasi ile ile ya leo. Yakionekana kuanguka harakaharaka, kasi bado haijarekebishwa. Yakielea kama moshi, aliyerekebisha amepitiliza, na bondia wake atakuwa kama anapigana ndani ya kisima. Na nakala hizi mpya zilizotiwa rangi na kulainishwa kwa kompyuta zitazameni kwa tahadhari kubwa zaidi: kompyuta inabuni picha za katikati, na ngumi fupi ya sentimita 20 inageuka ukungu. Ile ngumi fupi ndiyo iliyokuwa utaalamu wenyewe.

Kuanzia filamu za sauti za miaka ya 1930 tatizo hili linaisha. Joe Louis mnayemwona ndiye Joe Louis aliyekuwepo.

Sasa tuje kwenye glovu, kwa maana hapa ndipo watu wengi wanapowaonea wazee. Mtu anatazama filamu ya 1910, anaona mikono iko chini usawa wa kifua, kiwiliwili kimeegemea nyuma, anasema: hawa hawakujua hata kujikinga. John L. Sullivan na James Corbett walipopigana New Orleans tarehe 7 Septemba 1892 walivaa glovu za aunsi 5, yaani kama gramu 140. Uzito wa juu leo unavaa aunsi 10, gramu 280. Glovu ya gramu 280 ni ngao: ukiziweka mbili mbele ya uso na kubana viwiko, unapokea mvua ya ngumi ukisubiri ipite. Glovu ya gramu 140 haizidi sana ngumi yenyewe. Ukijificha nyuma yake, konde linapenya katikati, au linapiga mkono wako nao mkono wako unakupiga puani. Kwa hiyo bondia wa enzi ile hakungoja ngumi ifike usoni. Aliizuia ilikotoka, au aliondoa kichwa kabisa.

Mtazameni Johnson huko Reno, Nevada, tarehe 4 Julai 1910, dhidi ya bingwa wa zamani Jim Jeffries. Viganja vyake viko wazi, vimeelekea mbele, mbali na mwili. Jeffries anaanza kuzungusha mkono, na kabla haujafika nusu ya safari kiganja cha Johnson kimeshakaa kwenye msuli wa juu ya kiwiko. Ngumi inafia pale pale. Kisha Johnson anamgeuza kidogo, anampiga moja ya kutoka chini, anamkumbatia tena. Leo mwamuzi angemwonya kwa kushika, pengine angemkata pointi. Kwa kanuni za siku ile ulikuwa ujuzi halali, na mgumu. Pambano lile lilipangwa raundi 45, chini ya jua, likaisha ya 15. Mtu aliyejiandaa kwa raundi 45 hawezi kurusha ngumi 60 kwa raundi. Anayemwita mvivu hajapiga hesabu. Ila kulitumia pambano hilo kumpima Jeffries ni kumwonea, kwa sababu alikuwa amekaa karibu miaka 6 bila kupigana.

Kanuni huumba tabia, na tabia hubaki hata kanuni ikibadilika. Toledo, Ohio, tarehe 4 Julai 1919, Jack Dempsey alimwangusha Jess Willard mara 7 katika raundi ya kwanza. Kila Willard alipoinuka, Dempsey alikuwa amesimama kando yake, pengine nyuma yake, mkono tayari. Iliruhusiwa. Miaka 8 baadaye, Chicago, tarehe 22 Septemba 1927, Dempsey akamwangusha Gene Tunney raundi ya 7 na akasimama vile vile alivyozoea. Lakini sasa ilikubaliwa kwamba aliyeangusha aende kwanza kona isiyo ya mtu, ndipo hesabu ianze. Mwamuzi alingoja. Tunney alikaa chini sekunde zaidi ya 13, akainuka kwenye hesabu ya 9, akashinda kwa pointi. Ukimlinganisha Dempsey na bondia wa leo, lazima useme ni Dempsey wa kanuni gani. Nusu ya balaa lake ilikuwa katika sekunde zile za kusimama juu ya mtu anayeinuka.

Kuhusu idadi ya raundi naomba tukae kidogo, kwa maana rekodi kubwa mbili za kale zimesimama juu yake.

Ya kwanza: Polo Grounds, New York, tarehe 18 Juni 1941. Bingwa Louis ana kilo 90 na ushee, Billy Conn hafiki 80. Baada ya raundi 12, kadi moja ya majaji ina raundi 7 kwa 5 kwa Conn, nyingine 7 kwa 4 na moja sare, pia kwa Conn, ya tatu 6 kwa 6. Kwa kanuni za leo kengele imelia, watu wanakwenda nyumbani, Conn ni bingwa wa dunia, na mfululizo wa Louis wa kutetea mkanda, uliofika mara 25, unakatika hapo. Lakini zilikuwa raundi 15. Raundi ya 13 Conn akabaki ndani kubadilishana ngumi, na zikiwa zimesalia sekunde 2 raundi iishe, Louis akawa amemmaliza.

Ya pili: Philadelphia, tarehe 23 Septemba 1952. Bingwa Jersey Joe Walcott anaongoza kwenye kadi zote tatu baada ya raundi 12. Raundi ya 13 imekwenda chini ya dakika moja. Walcott ana kamba mgongoni, wote wawili wanaanza kurusha mkono wa kulia kwa wakati mmoja, na wa Rocky Marciano, uliosafiri safari fupi zaidi, unafika kwanza. Walcott anateremka polepole, anaishia amepiga magoti, mkono wa kushoto umening'inia kwenye kamba. Ile rekodi ya 49 bila kupoteza, inayotajwa kila kijiweni cha ngumi, kwa raundi 12 ingekuwa na doa.

Msirukie kusema Marciano na Louis walibahatika. Mtu anayejua ana raundi 15 huigawa nguvu kwa 15. Marciano aliwekeza mapema kwenye mikono na mbavu za mpinzani, kazi ambayo kadi za majaji haziionyeshi, akaja kuvuna mwishoni. Huo ni ujuzi wa kupanga, na mabondia wa leo hawajawahi kuulizwa swali hilo. WBC, moja ya mashirikisho ya ngumi ya dunia, ilishusha mapambano ya ubingwa hadi raundi 12 baada ya kifo cha Kim Duk-koo wa Korea Kusini, aliyepigana na Ray Mancini mwezi Novemba 1982. Mashirikisho mengine yakafuata kabla ya muongo ule kwisha. Sababu ilikuwa njema. Lakini ukimlinganisha mtu wa 15 na mtu wa 12, taja kwanza unawapiganisha raundi ngapi. Ubishi mwingi unaishia hapo hapo.

Uzito. Mpaka wa juu wa kruza, daraja lililo chini ya uzito wa juu, leo ni kilo 90.7, na daraja hilo halikuwepo hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Dempsey alipompiga Willard alikuwa na kilo 85. Marciano dhidi ya Walcott, 83 na nusu. Louis, usiku alipommaliza Max Schmeling kwa sekunde 124 mwezi Juni 1938, alikuwa na 90 na kidogo. Wote watatu leo wangepanda mizani ya kruza bila kuacha ugali. Anayeuliza kama Marciano angemshinda Tyson Fury, jitu la Uingereza la siku hizi, anauliza kama mtu wa sentimita 179 angemshinda wa 206 anayemzidi kilo 35. Hilo ni swali la mwili kabla halijawa la ujuzi, na tukiyachanganya hatutatoka.

Najua jibu linalokuja: mbona Dempsey alimwangusha Willard wa kilo 111, na Louis akammaliza Primo Carnera wa karibu 118 mwaka 1935? Ni kweli. Lakini Willard alianza ngumi akiwa ameshapita miaka 25, na kabla ya Toledo alikuwa hajatetea mkanda tangu 1916. Jitu la siku hizi ni kitu kingine. Wladimir Klitschko, sentimita 198, alikuwa na dhahabu ya Olimpiki ya 1996, na kazi yake ilikwenda kwa mpangilio: jabu, yaani ngumi iliyonyooka ya mkono wa mbele, jabu tena, mkono wa kulia ulionyooka, na mpinzani akijaribu kuingia anakumbatiwa. Kumbatio lenyewe ni silaha. Mkono unawekwa nyuma ya shingo, kifua kinalalia mabega ya mdogo, kilo 110 zinamshukia kwa sekunde 4 au 5 mpaka mwamuzi aseme achieni. Rudia hivyo mara 8 kwa raundi, na kufika raundi ya 7 miguu ya mdogo imekufa bila kupigwa ngumi yoyote ya maana. Alexander Povetkin aliyapata hayo Moscow mwezi Oktoba 2013. Halikuwa pambano la kupendeza, na mwamuzi mkali angelikatisha mapema. Lakini ujuzi ulikuwepo.

Je, mdogo anaweza? Oleksandr Usyk amejibu. Riyadh, tarehe 18 Mei 2024, Usyk ana kilo 101, Fury ana karibu 119. Makocha, msitazame uso wa Usyk, tazameni unyayo wake wa kulia. Yeye ni wa mkono wa kushoto, kwa hiyo mguu wa mbele ni wa kulia, na anautafutia nafasi nje ya mguu wa kushoto wa Fury. Ukikaa nje, kushoto kwake kuna njia iliyonyooka hadi kidevuni, na mkono wa kulia wa Fury unalazimika kuvuka mwili wake mwenyewe. Ukikosea ukabaki ndani, unakula apakati, zile ngumi za kutoka chini, na Usyk alizila kadhaa katikati ya pambano. Raundi ya 9 kushoto kukaingia, Fury akayumba kutoka kamba hadi kamba, mwamuzi akamhesabia.

Basi wapenzi wa zamani wanasema: mmeona, Louis angeweza. Hapana, hatujaona hivyo. Usyk ana kilo 10 zaidi ya Louis, ni wa mkono wa kushoto, na alikwisha kupigana mapambano karibu 350 ya ridhaa, mengi dhidi ya warefu. Tulichoona ni kwamba miguu inaweza kulipa deni la kilo 18. Deni la kilo 35 bado hatujaona anayelilipa kwa mtu mwenye ujuzi wa Fury.

Kuna jambo la haki nalo lazima lisemwe. Orodha ya mabingwa wa zamani si orodha ya waliokuwa bora. Sam Langford, mmoja wa wapigaji wakubwa kupata kutokea, hakupewa nafasi ya mkanda wa uzito wa juu hata siku moja. Johnson alimshinda 1906, akishakuwa bingwa akamkwepa. Harry Wills alimngoja Dempsey miaka na hakumpata. Rangi ya ngozi ilifunga mlango. Leo mlango uko wazi, ila mikanda ni minne, na kila mwenye mmoja anajiita bingwa. Kwa hiyo kuhesabu mara za kutetea ubingwa, 25 za Louis dhidi ya ngapi za fulani, kunapima soko kuliko mkono.

Kuna mnyororo ambao watu hupenda kuutumia, na ni mtamu. Marciano alipigana na Archie Moore 1955. Moore akapigana na Muhammad Ali 1962, Ali na Larry Holmes 1980, Holmes na Ray Mercer 1992, Mercer na Wladimir 2002, Wladimir na Fury 2015, Fury na Usyk 2024. Watu wanane, miaka 69, glovu kwa glovu. Lakini ukague pete zake. Moore alikuwa amepita miaka 40 alipokutana na Ali. Ali alikuwa na 38 mbele ya Holmes, tena mgonjwa. Mercer alikuwa na 41, Wladimir 39. Kijana akimpiga mzee, tumejifunza nini kuhusu enzi? Karibu hakuna. Pete yenye thamani ni ile mzee aliposhinda: Holmes, miaka 42, dhidi ya Mercer, mshindi wa dhahabu ya Olimpiki ya 1988 ambaye hakuwa amepoteza pambano la kulipwa. Holmes hakuwa na miguu tena. Aliegemea kona kwa hiari, akamwita Mercer aje, akatumia jabu na mkono wa kulia wa mara moja moja, raundi 12, majaji wote wakampa. Jabu iliyoundwa miaka ya 1970 ilitosha 1992.

Pete ya pili ya aina hiyo ni George Foreman. Alfajiri ile ya Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, alikuwa na kilo 100, anazungusha mikono mipana kama anayefyeka nyasi, na Ali kwenye kamba zilizolegea akamwacha afyeke mpaka raundi ya 8. Miaka 20 baadaye, tarehe 5 Novemba 1994, ana miaka 45 na kilo 113, dhidi ya Michael Moorer mwenye 26. Sasa mikono imepishana mbele ya kifua kwa mtindo wa Archie Moore, aliyekuwa kambini mwake Kinshasa. Jabu ni nzito, haina haraka, kama mtu anayesukuma mlango. Yuko nyuma kwenye kadi zote. Raundi ya 10, mkono mmoja mfupi wa kulia ulionyooka, Moorer chini. Foreman wa 1994 alikuwa fundi kuliko wa 1974. Akafundishwa na nani? Na wazee wa glovu ndogo.

Basi mniruhusu kutoa hukumu yangu, na atakayepinga apinge kwa mkanda wa filamu. Kilichopotea ni ngumi za kifua kwa kifua: kusukuma bega chini ya kidevu cha mpinzani, kufunga mkono wake mmoja kwapani huku ukifanyia kazi ubavu kwa mwingine, kugeuka nusu hatua ukamwacha anapiga hewa. Johnson, Dempsey, Louis, Moore waliishi humo. Leo wawili wakigusana vifua, mwamuzi anawaachanisha ndani ya sekunde chache, na kocha hana sababu ya kufundisha kisichotumika. Kilichoongezeka ni jabu ya mtu mkubwa na mwendo wa mtu mkubwa. Mwanamume wa mita 2 anayeweza kurudi nyuma, kusimama, na kubadili upande bila kuvuka miguu hakuwepo kabla ya Vita Kuu ya Pili. Kuhusu kasi ya mkono, sioni tofauti; Louis wa 1938 kwa ngumi tatu mfululizo haachwi na yeyote.

Mtakapofundisha vijana kutazama, zimeni sauti, kwa sababu mtangazaji huona anachotaka. Tazameni raundi moja mara tatu: mara ya kwanza miguu tu, ya pili mkono unaporudi, ya tatu kichwa baada ya ngumi. Mkono unaporudi ndipo siri nyingi hukaa. Schmeling alikaa na filamu za Louis akaona kwamba jabu ikishatoka, mkono wa kushoto haurudi shavuni bali unashuka karibu na nyonga, kwa muda mfupi sana. Alikuja Yankee Stadium mwezi Juni 1936 na silaha hiyo moja: kulia juu ya kushoto kunakoshuka. Raundi ya 4 Louis akaenda chini kwa mara ya kwanza tangu aanze kulipwa. Raundi ya 12 akahesabiwa hadi 10. Kocha wake, Jack Blackburn, akaurekebisha mkono ule, na wa 1938 haushuki hivyo.

Msaidizi, naomba uzime taa. Tunaanza na raundi ile ya 4, kasi ya kawaida. Ngumi ya Schmeling iacheni kwanza. Fuateni kushoto kwa Louis tangu kengele, na kila kunapopita chini ya kifua, inueni mkono. Katibu atahesabu.